Mama Chaki hajengi kona ya chai mpaka mwenyewe akae

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Chaki yuko chini ya meza aliyoitengeneza kwa mikono yake wiki iliyopita. Ana bisibisi, na anaing'oa miguu. Meza bado inanukia vanishi. Anaibomoa kwa sababu ya kosa lake mwenyewe, na hataki mtu amsaidie.

"Usiniangalie hivyo, mwanangu," anamwambia mwandishi kutoka huko chini. "Nishikie tochi. Na kitambulisho chako sijakiona vizuri. Ukitoka nitakiangalia tena."

Ndivyo alivyo. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na miwili hutengeneza kona za chai kwenye majiko ya watu: mabenchi mawili yanayotazamana karibu na dirisha, meza katikati, mito, pazia jepesi na rafu ya vikombe. Ni mahali pa familia kukaa asubuhi kabla kila mtu hajashika njia yake. Ameifanya kazi hii miaka kumi na minne, kuanzia kukata mbao hadi kushona mito, na kwa mitano ya mwisho hajamwamini mteja hata mmoja.

Jina lake limetokana na utaratibu wake. Kabla hajagusa msumeno, huweka stuli kwenye kona na kuikalisha nyumba nzima, mmoja mmoja, baba, mama, bibi, hadi mtoto anayejifunza kukaa. Kila anayekaa huchorwa ukutani kwa chaki, kiwiko hapa, goti hapa. Mtu wa nyumba asipopimwa, kazi haianzi.

Utaratibu huo una kidonda nyuma yake. Miaka mitano iliyopita, bwana mmoja alimpa kazi, na mwanamke mcheshi akaja kuchagua vitambaa. Mama Chaki akajua ndiye mke. Kumbe mke mwenyewe alikuwa msibani kwao. Aliporudi alikuta jikoni kwake mito ya rangi asiyoijua, akaitupa yote barabarani huku mtaa ukitazama.

"Nikaitwa fundi wa nyumba ndogo," anasema. "Miezi mitano sikupata kazi. Wanawake wananiona nakuja na mfuko wangu wa vifaa, wanafunga mlango. Nilikuwa nimefanya nini? Nilishona mito."

Aliapa kwamba jina lake halitachafuka mara ya pili. Kisha, hivi karibuni, akatokea Msoma Mita.

Huyo ndiye mwenye jiko hili. Kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji, na kila mtu mtaani anamjua kwa jina hilo. Ni mpole, ana haya, na huongea akitazama sakafu, kana kwamba hata hapo kuna mita. Alitaka kona ya chai iwe tayari kabla mkewe hajarudi safari.

"Safari ya wapi?" Mama Chaki alimuuliza.

"Yuko kwa dada yake."

"Tangu lini?"

"Miezi saba, mama."

Mama Chaki alihesabu miezi hiyo kwa vidole mbele yake, taratibu, ili mwenzake aone. Kisha akamwambia kazi haianzi mpaka mama mwenye nyumba akae kwenye stuli. Msoma Mita aliondoka. Siku ya tatu alirudi na kipande cha uzi chenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa urefu wa goti la mkewe akiwa amekaa, na la pili urefu wa kiwiko, yote yakipimwa kutoka sakafuni.

Mama Chaki hakuwahi kupokea vipimo vya uzi. Lakini mwezi ule kazi zilikuwa haba, akaona akubali huku macho yakiwa wazi. Na macho yakiwa wazi, huona.

Nyuma ya mlango wa jiko ilining'inia aproni ya mama mwenye nyumba. Mama Chaki alipobaki peke yake, aliivaa. Ilimfika juu ya magoti, na yeye mwenyewe si mrefu. Akaunyoosha uzi. Kiwiko cha uzi kilikuwa cha mtu mrefu, wala hakikuwa na udugu wowote na aproni ile.

"Nikasema haya, kumekucha."

Hayo hayakuwa yote. Msoma Mita alitaka benchi moja tu, upande wa pili uachwe wazi. Alipoulizwa sababu, alisema, "Acha tu wazi, mama." Alitaka pia rafu ya vikombe iwe chini, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Mama Chaki akapiga hesabu zake. Rafu ya chini ni ya mtoto. Uzi mrefu ni wa mama yake huyo mtoto. Na upande ulioachwa wazi, bila shaka mgeni anahamia na samani zake.

"Kesi nikaifunga palepale," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Hakimu mimi, shahidi aproni."

Angeweza kuacha kazi. Badala yake alifanya jambo ambalo hadi leo linamtia aibu. Alijenga kona kwa vipimo vya aproni. Meza aliishusha ilingane na mwanamke mfupi, rafu akaipandisha mbali na mkono wa mtoto, na pale palipotakiwa kuachwa wazi akaweka benchi la pili, zuri kuliko la kwanza, lenye mto wa kitambaa cha maua madogo ya bluu kama yale ya mfuko wa aproni.

"Nilitaka huyo mwenye uzi akija, magoti yake yagonge meza kila asubuhi, mpaka aulize nyumba hii ni ya nani."

Jioni Msoma Mita alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni mwa jiko. Hakugomba. Alijaribu kupitisha mkono kati ya meza na benchi jipya, akapima kwa shubiri, akapima tena. Halafu akakaa chini sakafuni na kulia.

Mkewe hakuwa kwa dada yake. Gari lilimgonga akivuka barabara akienda kazini, uti wa mgongo ukaumia, na miezi yote saba alikuwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Anarudi kwenye kiti cha magurudumu. Uzi ulipimwa akiwa juu ya kiti hicho, chenye mto mnene na sehemu za kuegemeza mikono, ndiyo maana kiwiko kilikwenda juu. Upande wa wazi ulikuwa wa kiti. Rafu ya chini ilikuwa yake, aweze kujichukulia kikombe bila kumwomba mtu. Yeye ndiye aliyemkataza mumewe kusema, kwa kuwa hakutaka mtaa uanze kumhurumia hata hajafika.

Mtu mwingine angeomba radhi hapohapo. Mama Chaki alimwambia, "Baba, pole sana. Lakini nipeleke nimwone."

Kesho yake walikwenda, yeye na chaki zake. Mwanamke mfupi aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaanza yeye.

"Wewe ndiye unayeingia nyumbani kwangu kila asubuhi?"

Jirani wa ng'ambo ya barabara, anayeijua siri ya safari, alikuwa ameshampigia simu kumweleza kuna mwanamke anayeingia.

"Ni mimi, dada. Fundi."

"Fundi wa nini? Nyoosha mikono."

Mama Chaki alinyoosha. Yule mama akavikagua viganja vyenye sugu, akazitazama kucha zilizojaa gundi, akasugua kidole kimoja kuhakikisha ni gundi kweli. Mumewe alitazama sakafu.

"Nilimpenda," anasema Mama Chaki. "Huyu ni mtu. Nikamwambia sogea ukutani nikuchore."

Muuguzi aliwafokea wote wawili kwa kuchafua ukuta. Chaki ilikubaliana na uzi, fundo kwa fundo. Mama Chaki akakiri yote, kuanzia aproni hadi meza, akasema benchi la pili atalichoma kuni.

"Uchome benchi langu?" yule mama akamkatiza. "Nani amekwambia nitakaa kwenye kiti hiki maisha yangu yote? Madaktari wenyewe hawajasema hapana."

Ndiyo maana leo miguu ya meza inang'olewa. Mingine, mirefu zaidi, imeegemezwa kwenye sinki. Rafu imeshashushwa, na benchi limeondolewa bila kukwaruzwa. Siku mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, mama mwenye nyumba anaingia jikoni akijisukuma mwenyewe. Magoti yanapita chini ya meza. Viwiko vinatua juu yake. Anachukua kikombe kwenye rafu na kukirudisha, kisha anakichukua tena, na mumewe aliyeshika birika anageuka dirishani kufuta macho.

"Andika," anamwambia mwandishi. "Nimeshakaa, sasa mtaa ujue." Halafu anamgeukia fundi. "Benchi langu liko wapi?"

"Kwangu. Nimelifunika."

"Usije ukaliuza. Nyinyi mafundi nawajua."

Benchi lipo kweli. Limesimamishwa kwenye karakana ya Mama Chaki, limefungwa shuka, mto wake juu ya kabati mbali na vumbi. Wateja wawili wameshaliulizia, na wote wameambiwa lina mwenyewe.

Mama Chaki hana mpango mwingine mkubwa mwaka huu. Amemwachia yule mama namba yake ya simu, kwa sharti moja.

"Nimemwambia siku akisimama anipigie mimi kwanza, kabla ya daktari," anasema, akirudishia shuka. "Lakini ya kuambiwa kwenye simu siamini. Nitakwenda na chaki zangu, asimame ukutani, nimpime."