Siku Niliyonyanyuliwa na Mama Mkwe

Aibu hii ningeweza kuificha, lakini nusu ya kijiji cha Nyakasimbi waliiona na nusu nyingine wamesimuliwa, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjaletewa yenye chumvi.

Mimi ni mnunuzi wa kahawa kule Isingiro, nina miaka arobaini na nane, na kwa muda mrefu kazi ya miguu yangu ilikuwa kubadilisha gia za pikipiki tu (hata dukani, hatua hamsini, naenda na pikipiki, msinicheke). Kitambi changu nilikiita afya.

Jumapili moja mimi na mke wangu tulikwenda ukweni, Nyakasimbi, na baada ya ibada tukakuta wauguzi wameweka meza nje ya kanisa, wanapima presha, sukari na nguvu za misuli. Kipimo cha misuli kilikuwa rahisi: unakaa kwenye kiti, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa mara tano. Mama mkwe wangu, mwenye miaka sabini na anayelima kibanja chake cha migomba kila asubuhi, alimaliza muuguzi akiwa bado anahangaika na saa yake, akajifunga khanga vizuri, akaenda zake. Wanakwaya wakampigia makofi. Mimi nami, kwa kutaka makofi hayo, nikaomba kigoda kifupi cha jikoni, nikasema kiti ni cha wazee. Muuguzi alinisihi nitumie kiti kama wenzangu, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mara ya kwanza nilisimama. Ya pili nilisimama nikitabasamu. Ya tatu tabasamu likakatika, mapaja yakaanza kutetemeka, na ya nne nikashuka nikakuta hakuna njia ya kurudi juu, basi nikavuta kitambaa cha meza nijiinue, na mashine ya presha, daftari, pamba na mimi tukaenda chini pamoja, nikabaki chali natazama mawingu.

Wanaume walikuwa wanacheka kiasi cha kushindwa kunisaidia. Aliyekuja ni mama mkwe. (Mnajua kwetu mkwe hashikani na mama mkwe hata mkono, tunasalimiana kwa mbali kwa adabu.) Alisita kidogo, akatazama huku na huku, kisha akainama na kunipitishia mikono kwapani.

"Shika shingo yangu, mkwe wangu," alisema taratibu. "Aibu tutaishughulikia ukishasimama."

Akaninyanyua kama mkungu wa ndizi.

Muuguzi hakucheka. Alinipima, presha ikawa juu, sukari nayo juu, na mimi sikuwahi kuhisi lolote. Akanieleza kwamba misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari mwilini, na ikilegea sukari hubaki kwenye damu, na moyo na mishipa ndivyo vinavyoumia.

"Baba, miguu yako imekusemea mapema," aliniambia. "Wengine huambiwa na kiharusi."

Hapo nilisahau hata kuona haya. Nilianza dawa, na mke wangu akaamua kila Jumamosi niende kwa mama yake kulima na kubeba ndizi, nikawa napanda na kushuka kilima cha shamba lake mpaka naona nyota mchana.

Wauguzi waliporudi miezi mitatu baadaye, sukari ilikuwa imeshuka, na mara tano nilizimaliza, kwenye kiti, kimya kimya. Sijisifii tena nguvu mbele ya mtu anayeshika jembe. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe amesimama hatua moja nyuma yangu, mikono ameitanguliza tayari kunidaka.

Akaishusha, akatazama pembeni kwa adabu.