Kikaratasi Nilichobandua kwenye Gilasi

Nakumbuka siku moja ya jua kali hapa Lodwar, miaka ya sabini, nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nikiuza vyombo katika duka la Mzee Barasa, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kitale.

Mwanangu, tulikuwa na gilasi za aina mbili, zote za ng'ambo. Kila moja ilikuwa na kikaratasi cha kutaja nchi ilikotengenezwa, maana sheria ilitaka hivyo. Za Ufaransa zilikuwa nzito, zilistahimili chai ya moto. Zile nyingine zilikuwa nyembamba, nzuri kwa maji baridi tu. Watu walitaka za Ufaransa tu. Zilipokwisha, nikaloweka zile nyembamba, nikabandua karatasi zake. Joto letu, unalijua, hukausha gundi. Karatasi nyingi za Ufaransa zilikuwa zimedondoka ndani ya maboksi. Nikazibandika hizo kwenye zile nyembamba. Nilijiona mjanja.

Mama Akal, mwenye hoteli ya chai Kakuma, akaniuliza zimetoka wapi, nikamsomea kikaratasi: Ufaransa. Akanunua dazeni nzima.

Wiki haikuisha, dereva wa lori akaleta habari: gilasi imempasukia Mama Akal mkononi, chai imemuunguza.

Mzee Barasa akazikagua gilasi zilizobaki dukani. “Nani alibandika hizi?”

“Ni mimi, Mzee.”

Nilingoja kufukuzwa. Akasema, “Kesho tunaenda Kakuma. Utamwambia mwenyewe.”

“Si tumwandikie barua, Mzee?”

“Barua haitauona mkono wake.”

Tulimkuta amefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. “Ejok,” nikamsalimu kwa Kiturkana, kisha nikasema yote mbele ya wateja wake.

“Mimi sijui kusoma,” akasema. “Nilikuuliza wewe, wewe ukanisomea.”

Mwanangu, angenipiga ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia hapo.

Kisha akanisukumia karai. “Sasa osha vyombo. Huu mkono hauwezi.”

Mzee alinipa ruhusa, nikabaki Kakuma nikiosha na kuchota maji hadi kidonda kikafunga. Siku ya kuondoka, Mama Akal alinimiminia chai kwa mkono uleule, tukanywa pamoja. Niliporudi Lodwar, Mzee alinikabidhi tena meza ya vyombo. Hakulitaja jambo lile tena mpaka alipofariki.

Hadi leo nawashukuru wale wawili. Mmoja angeweza kunifukuza, mwingine angeweza kunichukia. Walinipa nafasi ya kurekebisha nilichoharibu.

Basi, unapokwenda kuanza biashara yako, nakuusia hivi. Kitu unachouza, sema kimetoka wapi na kinafaa kwa kazi gani. Asiyeweza kusoma anategemea macho yako, usimdanganye. Na ukikosea, nenda kwa uliyemkosea kwa miguu yako mwenyewe.

Mungu akupe watu wa kukukemea bila kukutupa. Ulipoacha kidonda, akujalie ukaribishwe tena. Nenda salama, mwanangu.