Gololi Chini ya Ulimi

Fundi wa baiskeli pale Rodi Kopany hasalimii mtu akiwa kazini, kwa sababu mdomo wake umejaa gololi. Akifungua shingo ya baiskeli huzitia chini ya ulimi zisipotee vumbini, na wateja humngoja kimya kama waumini wanaongoja baraka. Okemwa, fundi wa ng'ambo ya barabara, ana salamu tele, ana redio, ana benchi lenye mito, na benchi lenyewe halina mtu. Leo kijicho kinamtafuna zaidi. Baiskeli iliyopinduliwa kule ni ya Phanice, muuza omena, chuma cha kale ambacho Okemwa mwenyewe alikikataa: "Mama, hii haiwezi kukubali uma wa mbele wa springi." Sasa anavitazama vile vidole vifupi vya mwenzake vikiuingiza uma mkuukuu wa springi, vikiuchomoa, vikiupitishia tupa kidogo, vikiurudisha taratibu. Okemwa anaomba kimoyomoyo ugome. Haugomi. Fundi anatema gololi kiganjani, anazifuta kwa shati, anazipanga kwenye grisi, anakaza nati. Anaisimamisha baiskeli na kuegemea usukani. Mbele inazama polepole, inainuka. Phanice anapiga kigelegele. Okemwa anashindwa kuvumilia, anavuka barabara.

"Omera, ndugu, huu uma umeutoa wapi?"

Fundi anamtazama bila ubaya wowote, mdomo ukiwa mtupu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kwa lile rundo lako la takataka, ndugu yangu. Si ulisema nichukue tu?"