Mguu wa Kushoto wa Rahim

Kuanzia mtaa wa Njoro hadi Soweto, mtu hakununua pikipiki kabla Rahim hajaipanda. Mafundi wa kufungua injini walikuwa wengi mjini Moshi, lakini wa kupanda na kutoa neno alikuwa yeye peke yake. Alivaa koti lake la kaki, akatia kofia mfukoni, akapanda mlima na kurudi. Kisha alizima injini na kusema, "Chukua," au, "Rudisha." La tatu hakuwa nalo, na aliyemuuliza sababu alionekana mgeni wa mji.

Kazi hiyo alifundishwa na Jaswant Singh, kwenye gereji ya mabati nyuma ya soko, tangu mwaka 1959, Rahim akiwa na miaka kumi na sita. Pikipiki aliyojifunzia ilikuwa ya Kiingereza, nzito kama ng'ombe, gia mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto. Ukiipiga kiki vibaya ilikurudishia kwenye muundi. Ilidondosha oili kila iliposimama, lakini ilikuwa na maneno: kabla haijaharibika ilikwambia, mwenye masikio akasikia. Jaswant alipochoka nayo alimpa Rahim, na Rahim akaiita Mwingereza.

Miaka ya sabini zikaja za Kijapani, nyepesi, za kuchanganya petroli na oili, zinalia kama nyuki ndani ya debe. Hizo zilikuwa kinyume, gia kushoto, breki kulia. Rahim alizitengeneza, akazipanda, akawafundisha watu wengi. "Breki mguu wa kulia, usije ukasahau," aliwaambia. Yeye mwenyewe jioni alirudi nyumbani kwa Mwingereza. Kichwa chake kilizijua pikipiki zote. Miguu ilikuwa ya Mwingereza.

Ukafika wakati wa ruksa, biashara zikafunguliwa, bidhaa zikaingia kama maji. Mwaka 1992 Sunny, mtoto wa Jaswant, alibomoa nusu ya gereji, akaweka dirisha la kioo, na nyuma ya kioo akasimamisha pikipiki moja mpya, nyeusi, ya barabarani, usukani wake umeinuka juu na siti pana, gia na breki zimepangwa kama za Kijapani. Mpandaji alikaa wima kama yuko kwenye kiti cha mezani. Ilikuwa ya kuonyeshea tu. Sunny alikuwa akiwasubiri watu wa Kilema.

Kule Kilema kulikuwa na mradi wa afya ya akina mama, uliotaka pikipiki sita kwa ajili ya wakunga, wafike vihamba vya juu, zile nyumba za ndani ya migomba, kabla mtoto hajafika. Kamati ilimwachia uamuzi Nesi Bernadetha, mkunga mkuu, mwanamke mrefu wa maneno machache. Naye alisema mbele ya wote: "Mzee Rahim akisema chukua, tunachukua."

Asubuhi ya siku hiyo Sunny hakuweza kutulia.

"Mzee Rahim, hii haipigwi kiki. Unabonyeza kidole tu. Si kama lile jiko lako la mkaa!"

"Jiko hilo ndilo lililokulisha," Rahim akamjibu. "Sogea."

Jaswant, ambaye ndevu zake zilikuwa nyeupe tupu, alicheka akiwa kwenye kigoda chake. "Mwache fundi, Sunny. Rahim, upande taratibu. Umri umeenda."

"Umri wa nani, Fundi?"

Barabara ya Himo aliipita kama mtu aliyekaa barazani kwake. Mgongo haukuuma. Mikono ilikaa mbali na kifua, macho yaliona juu ya mabasi madogo. Kwa Mwingereza, ukifika Himo vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Wale nyuki wa Kijapani walikufanya ukunje magoti kama panzi. Hii haikutetemeka, haikunung'unika. Alipoanza kupanda, pale ambapo Mwingereza alishushwa gia mbili na kubembelezwa, hii iliendelea tu kama haikuona mlima. Rahim aliipenda, na jambo hilo lilimuudhi. Ilikuwa haina haja naye.

Kilema alimkuta Bernadetha amesimama nje ya zahanati.

"Shikamoo Mzee Rahim."

"Marahaba, Nesi. Panda nyuma. Pikipiki haipimwi bila mzigo."

"Leo mimi ni mzigo?" akasema, lakini akakunja sketi na kupanda.

Walizunguka vihamba, juu kabisa mpaka mibuni ilipoishia, na Bernadetha akapiga kelele za furaha sikioni mwake kama msichana: "Kumbe hapa ni dakika kumi! Mimi hutembea saa nzima!" Rahim alikuwa ameshalishika neno lake ulimini. Chukua. Lilibaki la kusemwa tu.

Wakati wa kushuka, kwenye kona yenye mfongo, ule mfereji wa kupeleka maji migombani, mama mmoja alitokea na mkungu wa ndizi kichwani, mbuzi wawili mbele yake. Udongo ulikuwa umelowa. Breki ya mbele haiguswi kwenye utelezi. Hilo Rahim alilifundisha miaka thelathini. Mguu ukashuka kutafuta breki ya nyuma. Ukashuka wa kushoto.

Ulikanyaga, haukupata kitu, ukakanyaga tena. Gia ikaanguka ya pili, ikaanguka ya kwanza, injini ikapiga yowe, tairi la nyuma likateleza. Mbuzi walipona. Rahim na Bernadetha waliingia mfongoni pamoja na pikipiki.

"Ruwa! Mungu wangu!" Bernadetha aliinuka, matope mpaka kwenye nywele, goti linatoka damu. Mama wa ndizi alitua mkungu, watu wakatoka vihambani. Wote walimtazama Rahim.

"Imekuwaje, Mzee Rahim?"

Aliijua sababu kabla maji hayajaingia viatuni. Angeweza kusema: ni mguu wangu. Lakini watu walikuwa kumi na zaidi, na kati yao watatu aliwahi kuwafundisha mwenyewe.

"Breki haishiki," akasema. "Rudisha."

Bernadetha alifuta goti kwa kanga ya mama wa ndizi, akaitazama ile pikipiki kama mtu anayeagana. "Basi," akasema. "Bora tumejua mapema."

Pikipiki ilirudishwa mjini kwa gari, hakuna aliyeigusa. Jaswant aliikagua mwenyewe, Rahim amesimama pembeni. Alijaribu breki ya nyuma, akajaribu ya mbele. Kisha akaisukuma, gurudumu likagoma, akainama kutazama gia.

"Gia ya kwanza, Rahim?" aliuliza polepole. "Mteremko ule?"

Sunny akaingia akiwa amekasirika: "Baba, breki zina nini? Niambie, niwaandikie waliotuuzia!"

Jaswant alipangusa mikono kwa kitambaa. "Rahim amesema breki. Basi ni breki."

Kamati ya Kilema ikaona fedha zijenge tanki la maji. Sunny hakuuza hata moja. Mwaka uliofuata kioo kilitolewa, naye akahamia Dar es Salaam na baba yake. Siku ya kuondoka Jaswant alimkabidhi Rahim ufunguo wa ile pikipiki nyeusi. "Miguu yake ujifunze," akamwambia, bila ukali. Rahim alikuwa amekusudia kusema ukweli siku hiyohiyo. Akasaidia kupakia masanduku. Jaswant alifariki mwaka 1996, na habari ilifika Njoro ikiwa na wiki mbili.

Tangu hapo akiletewa pikipiki ya kupima, Rahim alisema macho yamechoka. Mwingereza alimuuza kwa mtu wa vyuma chakavu. Ile nyeusi aliipanda miaka kumi, na breki zake hazikumsaliti hata siku moja.

Mwaka 2003 alipanda Kilema. Bernadetha alikuwa amestaafu, anatembea na fimbo, magoti yamevimba. Walikaa nje, Rahim akasema yote: mguu, gia, neno alilolisema mfongoni.

Bernadetha aliitazama ile pikipiki.

"Mke wa Eliufoo, kule juu," akasema, "nilifika asubuhi, nimechelewa. Mwaka uleule. Mvua ilinyesha, njia zikawa mito, nikatembea usiku kucha."

"Nesi..."

"Miaka kumi na moja, Mzee Rahim. Ungekuja hata mwaka wa pili."

Rahim aliposimama kuaga alimwambia kwamba, kama anashuka kanisani, atampeleka.

"Nimezoea kutembea," Bernadetha akasema, akaichukua fimbo yake na kutangulia njiani.

Rahim hakuwasha injini. Aliiachia pikipiki iteremke yenyewe nyuma yake, kwa mwendo wa fimbo, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki kona zote.