Mechi Yetu Moja ya Ugenini

Karibu msimu mzima timu yetu ilicheza nyumbani tu. Wachezaji wote tulikuwa wafungwa wa gereza la mashamba, huko nje ya mji wa Mpanda, kwa hiyo timu nyingine za ligi ndizo zilizotufuata. Zilipekuliwa getini, zikaacha simu na mikanda, ndipo zikaingia uwanjani. Vijana walikuja na makeke yao, nywele zimenyolewa kwa mitindo, lakini wakishasikia geti linafungwa nyuma ya migongo yao walipoa wenyewe. Mimi nilikuwa kipa. Nasema bila aibu kwamba mechi nyingi nilizidaka nikiwa nusu usingizini, jua la saa kumi likinipiga usoni, mawazo yangu yako Kasokola nyumbani.

Nilichofungiwa si habari ya leo, na anayetaka kukijua hatakipata kwangu. Habari ya leo ni rimu.

Kule ndani tulihesabiwa kwa rimu. Ilikuwa rimu ya lori bovu, imening'inizwa karibu na jiko, na afande wa zamu aliigonga kwa nondo. Ikilia, popote ulipo unaacha ulichoshika, unakimbia kwenye mstari wako, unachuchumaa. Watano watano, mikono magotini, macho chini, mpaka afande apite na kumaliza hesabu. Hata mpira haukuwa na heshima mbele ya rimu. Kuna siku tulikuwa tunashambulia, winga wetu ameshamtoka beki, rimu ikalia, timu nzima ikachuchumaa palepale penye lango la wageni. Wageni walibaki wamesimama na mpira wao hawajui waufanyie nini. Refa alikuwa ameshatuzoea, akasimamisha saa, akatafuta kivuli.

Timu nyingine zilianza kunung'unika. Walisema tunashinda kwa sababu hatutoki, na kwamba huwezi kuita ligi kitu ambacho timu moja inacheza sebuleni kwake. Viongozi wa ligi wakakubaliana nao: mechi ya mwisho tutaifuata Kibaoni. Kocha wetu, afande mmoja mnene mwenye sauti kavu, aliipigania safari ile kwa wakubwa zake kana kwamba anaomba likizo yake mwenyewe. Alipokubaliwa alituita.

"Nyie mnatoka," alisema. "Wawili wawili. Kila mtu na pacha wake. Mmoja akikimbia, mwenzake theluthi yake imekwenda. Mmenielewa?"

Tulimwelewa vizuri sana. Mfungwa mwenye tabia njema alipunguziwa theluthi ya kifungo chake, na theluthi ile ndiyo iliyokuwa inanitoa mwezi wa nne. Nilikuwa na binti aliyezaliwa nikiwa ndani. Mke wangu alikuja naye mara chache, akamwinua juu nyuma ya wavu ili nimwone, na mtoto alinitazama jinsi mtoto anavyomtazama fundi aliyekuja kurekebisha bati. Mkononi mwangu sikuwahi kumshika. Bila theluthi ile, ningemkuta anakwenda shule.

Pacha wangu alikuwa beki wetu wa kushoto. Kijana mrefu, mpole, mwenye kifungo kirefu kuliko changu, mzaliwa wa hukohuko Kibaoni. Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi hasa. Afande alitupanga kwa kufuata namba za jezi, basi.

Tuliondoka asubuhi kwenye lori la kubebea mahindi, bila familia zetu kuambiwa. Maafande walikaa pembeni na bunduki zao, sisi katikati tumebanana. Barabara ya kwenda Kibaoni inapita ndani ya mbuga, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha ukungu mwembamba kwenye miti. Nakumbuka safari ile vipande vipande tu. Mbung'o waliingia, tukawapiga kwa jezi. Twiga walisimama barabarani wakatutazama kwa muda mrefu, hawana haraka, na dereva akazima injini. Beki wangu alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa mbele ya twiga, mbele ya miti, mbali kabisa. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia. Nilidhani na yeye ni furaha ileile.

Uwanja wa Kibaoni ulikuwa na nyasi hasa, si vumbi letu. Upande mmoja walijaa watu, akina mama na mahindi yao ya kuchoma, vijana juu ya pikipiki. Upande wa pili, mita chache kutoka mstari, lilianza shamba la mahindi. Yalikuwa yametoa ndevu, yamepita kichwa cha mtu, na upepo ukipita yalilala yote pamoja kisha yakainuka. Mechi ilipoanza niliyatazama mahindi yale kuliko nilivyoutazama mpira. Walitufunga bao la kwanza kwa sababu hiyo, na kocha alinitukania ukoo wangu wote.

Tulisawazisha. Ndipo watu wakachanganyikiwa, maafande wakiwa wa kwanza. Yule aliyewekwa kulinda upande wa mahindi alikuwa ameshasahau kazi iliyomleta. Ameshika bunduki kwa mkono mmoja, mwingine anaupunga hewani, anashangilia. Mpira ukapigwa ovyo, ukapaa, ukazama katikati ya shamba. Wa kurusha ulikuwa wetu na muda ulikuwa unayoyoma.

"Wewe, kimbia kaulete!" yule afande alimpigia kelele beki wangu. "Upesi, watatupotezea muda hawa!"

Beki akaingia kwenye mahindi. Sidhani kama yule afande alikumbuka wakati ule kwamba anamtuma mfungwa.

Golini kwangu palikuwa na mwinuko kidogo, nikaona juu ya shamba. Mtu akitembea ndani ya mahindi, vichwa vya mahindi vinamsema. Vilitikisika mpaka pale mpira ulipoangukia, vikatulia. Nikapumua. Kisha vikaanza tena kutikisika, na havikuwa vinarudi. Vilikwenda mbele taratibu, kwenye mstari ulionyooka, na mwisho wa mstari ule, ng'ambo ya shamba, niliona bati na moshi wa jiko ukipanda.

Nilielewa. Nilitaka kupiga kelele, na kelele yenyewe ingekuwa ya kumwita afande mwenye bunduki. Nikifunga mdomo, theluthi yangu ilikuwa inatembea mle ndani ya mahindi inakwenda zake. Nilisimama nimeshika nguzo ya goli, jasho linanitoka, nasubiri sijui nini. Watu walikuwa wanapiga miluzi wakitaka mpira. Refa alitazama saa. Jua lilikuwa limelegea, na mahindi yale ya kijani yalikwenda yakitikisika kwa uzuri ambao niliuchukia.

Ndipo rimu ikalia.

Sikujua inatoka wapi. Ilikuwa sauti ileile, chuma juu ya chuma, kali, ya haraka haraka. Nilidhani kuna shule karibu. Lakini hayo niliyadhania baadaye, maana wakati ule sikudhani kitu, nilikuwa nakimbia. Timu yetu yote ilikuwa inakimbia. Tulichuchumaa katikati ya uwanja wa Kibaoni, watano watano, mikono magotini, na wa akiba wetu wakachuchumaa pembeni. Kipa hukaa mwisho peke yake, nikakaa peke yangu.

Watu waliangua kicheko. Walidhani ni mchezo tumewaandalia, na baadhi wakapiga makofi. Kisha wakaona nyuso zetu, kicheko kikapungua upande kwa upande mpaka pakawa kimya, na mama mmoja mwenye mahindi ya kuchoma akajifunika mdomo kwa kanga. Niliona haya ambayo sijawahi kuona mbele ya hakimu.

Kocha alisimama mbele yetu, midomo inahesabu bila yeye kutaka. Mstari wa pili ulikuwa na pengo. Nilimwona anaanza tena, anafika penye pengo lile, uso unabadilika rangi. Aligeuka kulitazama shamba.

Mahindi yalipasuka. Beki wangu alitoka mbio, majani yamemkata usoni, mpira kwapani, akavuka mstari, akapita mbele ya afande mwenye bunduki bila kumwangalia, akachuchumaa mahali pake. Akaweka mpira kati ya miguu yake. Macho chini. Kocha akamaliza hesabu, akafuta uso kwa kofia, akasema kwa ile sauti yake kavu, "Haya, inukeni mcheze."

Tulitoka sare. Simkumbuki aliyenipigia shuti hata moja.

Kurudi tulirudi giza linaingia, tumekaa pacha kwa pacha. Wenzetu waliimba mpaka wakachoka. Nilipomuuliza beki wangu, nilimuuliza kwa kunong'ona.

"Ulikuwa unakwenda?"

"Nilikuwa nakwenda."

"Na mimi je?"

Alijipangusa uso kwa jezi. "Sikukukumbuka, kaka. Nisamehe. Niliona moshi wa mama. Ni kwetu pale. Nilikuwa nimebakiza kama hapa na mbele ya lori, nanusa mboga anayopika. Rimu ikalia, miguu ikageuka yenyewe." Akaishika miguu yake, anaitazama. "Mimi nilikuwa bado nakwenda."

Sikumsemesha kwa siku nyingi. Tulilala mkeka kwa mkeka, tukala bakuli moja la maharage, na sikumpa hata salamu. Nina hasira za kukaa, mke wangu anazijua. Zilikuja kuisha siku moja tunapalilia, mvua ikatukuta shambani, nikamwona amesimama na jembe, ameelekeza uso kusini, upande wa Kibaoni, anatazama mvua inakotokea. Nikamwambia, "Funga kifungo cha shati, utaugua." Akacheka, tukawa tumepatana.

Mwezi wa nne nikatoka. Binti yangu alilia nilipomshika, akataka kurudi kwa mama yake, na mimi nililia pia, kwa raha zangu, sikujizuia. Siku ile ya kuagana getini beki wangu aliniomba jambo moja tu: nikipata nafasi ya kufika Kibaoni, nimsalimie mama yake.

Nilifika wakati wa mavuno. Mahindi yalikuwa yamekauka, mengine yameshakatwa, na kutoka barazani kwa yule mama niliuona uwanja wote mpaka magoli. Ni mama mfupi, mwenye miguu iliyovimba, mcheshi. Nilipomwambia nimetoka kwa mwanawe aliniinamisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza maswali bila kusubiri majibu. Anakula? Amekonda? Ana shuka? Akaniletea togwa kwenye kikombe kikubwa.

"Walikuja kucheza hapo," alisema, akionesha uwanja kwa kidevu. "Mwanangu alikuwa hapo! Jioni ndiyo jirani ananiambia, mama wee, mwanao tumemwona. Nililia, baba. Mimi niko hapahapa, nasikia kelele za mpira, nahangaika na ngedere."

"Ngedere?"

"Wanatumaliza, hawa. Siku ile mahindi ndiyo yanakomaa. Naona yanatikisika, yanakuja huku, yanakuja tu, wala hayaogopi. Nikasema huyu leo ni mkubwa. Nikaamka na miguu yangu hii, nikaigonga ile." Alinionesha mpera uliokuwa kwenye kona ya ua. Kwenye tawi lake ilining'inia rimu ya gari, imeshika kutu, na kipande cha nondo kimelazwa chini yake. "Nikagonga, nikagonga! Aligeuka, akakimbia kurudi alikotoka. Hakurudi tena."

Alicheka, kwa fahari kabisa. Mimi kikombe kilikuwa mdomoni, nikakiacha hapohapo. Niliitazama rimu, nikautazama mpera, nikatazama mashina makavu ya mahindi kutoka uani mpaka mstari wa uwanja. Palikuwa karibu sana. Mtu angeweza kusimama pale akamwita mama yake bila kupaza sauti. Nilitaka kumwambia, na nilitaka kumbusu mikono, maana mikono ile ndiyo iliyonipa binti yangu. Sikuweza kimoja bila kingine. Nikanywa togwa nikamaliza.

"Ulifanya vizuri, mama," nilisema.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumtembelea beki wangu. Alikuja kwenye wavu anatabasamu tangu mbali, amenyoa, mikono ina udongo wa shamba. Kabla hata sijakaa aliniuliza kama nimefika kwao.

"Nimefika. Mama mzima. Miguu tu inamsumbua."

"Alisemaje?"

Alikuwa amesogeza uso mpaka kwenye wavu, anasubiri, macho yamefunguka yote. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyotaka.

"Alisema mahindi ya mwaka huu ngedere hawakuyapata," nilimwambia. "Yalipona yote."