Kifuniko cha Kasha la Mama

Jambo hili liligharimu shilingi mia moja na thelathini, na mimi ndiye niliyezipokea. Nilizihesabu mara mbili barazani petu Kakamega, mnunuzi akinitazama.

Alikuwa Mzungu wa Lugari aliyeuza shamba ili arudi kwao. Uhuru ulikuwa umeingia. Kasha alilonunua lilikuwa la mama, aliyeolewa huku bara kutoka mji mdogo wa pwani. Lilikuwa na misumari ya shaba, na ndani ya kifuniko herufi za Kiarabu zilizofifia. Kila Ijumaa mama alikiinua, akanong'ona. Nilidhani ni dua ya kufukuza mende.

"Mia na ishirini," Mzungu alisema.

"Na hayo mapambo ya ndani, bwana? Ongeza kumi."

Akaongeza. Nikajiona mjanja.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Mukumu kwa homa kali. Aliporudi alikuta kitanda kipya cha springi.

"Kasha langu liko wapi?"

"Mama, siku hizi ni kabati. Lala hapa kama mke wa waziri."

"Sikukuuliza kitanda, mwanangu."

Nilipomwambia, aliketi sakafuni. Kwao, msichana akiolewa, huandikiwa ndani ya kifuniko cha kasha lake majina ya nyanya saba waliomtangulia, nani alichimba kisima, lini bahari ilikula makaburi. Kilikuwa Kiswahili kitupu. Mimi tu sikujua kusoma herufi zile.

"Nusu ya mji wetu ilimezwa na maji," alisema. "Nusu iliyobaki umeiuza kwa shilingi kumi."

Nikapanda basi hadi Lugari. Nilikuta familia ngeni zikipalilia mahindi. Mzungu alikuwa ameshasafiri.

Homa ilimwachia mama kumbukumbu ya majina manne tu. Dada yangu aliolewa na kasha lenye hayo manne, na kwenye kitanda kile mama hakulala hata siku moja, mpaka anakufa.

Sasa binti wa dada anaolewa. Seremala amemaliza kasha, mwalimu wa chuo cha Kurani anasubiri na wino wake. Tukimwongeza mama mwenyewe, nyanya ni watano. Nimehesabu mara mbili. Wamepungua wawili.

"Kaka, wewe si hodari wa kuongeza?" dada ananiambia. "Tunga wawili. Nani atajua?"

Binti mwenyewe anataka wa kweli, na harusi ni Jumamosi. Wenzangu mliotoka pwani, nishaurini: niwatunge, au nimwambie mwalimu aache mahali pao wazi?