Taa ya Kushoto ya Mzee Rutashobya

Mzee Gozbert Rutashobya hakununua gari ili limpeleke mahali. Alilinunua ili lionekane, na kwa kazi hiyo limemtumikia vizuri sana. Ni Premio ya rangi ya fedha, aliyoichukua mwaka aliostaafu ukaguzi wa kahawa, na hapa Kamachumu hakuna aliyewahi kuiona ikiwa na tope. Mimi ni jirani yake. Kibanja changu na chake vinatenganishwa na mstari wa milamula tu, ile miti ya mpaka, kwa hiyo mengi ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Alijenga banda la gari ubavuni mwa nyumba, la mabati mazuri kuliko ya jiko la mke wake. Banda likawa na kasoro moja. Gari likiingia lote, anayepita barabarani kwenda sokoni halioni. Likikaa lote nje, jua litakula rangi. Mzee akakata shauri: liegeshwe nusu ndani, nusu nje. Upande wa kulia ukae kivulini, upande wa kushoto uitazame barabara. Miaka yote hiyo upande wa kushoto ukawa unaota jua na kupokea salamu za wapita njia.

Mke wake, Kokubanza, alimwambia mapema kwamba kioo cha taa ya kushoto kinafifia. Ndiye anayeliosha gari, kwa hiyo ndiye anayelijua. Mzee akamjibu kwamba magari ya Japani hayafifii.

Mwaka jana Joyness akapata mchumba. Joyness ni binti wa marehemu mdogo wake Rutashobya, na baba yake alifariki Joyness akiwa bado shule ya msingi. Alikuja mwenyewe kwa baba yake mkubwa, akapiga magoti kusalimia kama tulivyolelewa, akapewa kahawa ya kutafuna, kisha akaomba jambo moja tu: siku ya ndoa amshike mkono, amwingize kanisani mahali pa baba yake. Mzee akakubali hapohapo. Akaongeza kwamba bibi harusi atapanda Premio. Joyness hakuwa ameomba gari, lakini alishukuru, maana ana adabu.

Sasa nije kwenye kikao cha kamati ya harusi, ambayo mimi nilikuwa katibu wake. Tulikaa sebuleni kwa Alistidia, mama yake Joyness, tukitazama video ya send-off iliyofanyika Muleba. Josia, mpiga video, alikuwa amepiga magari yakiingia uwanjani yamewasha taa. Likaja la Rutashobya. Taa ya kulia nyeupe, ya kushoto kama chai ya rangi. Kyaruzi, kaka yake Alistidia anayeishi Bukoba mjini, akasema kwa upole kabisa kwamba gari la shemeji linakonyeza wageni. Chumba kizima tulicheka, na mimi nikiwemo. Kyaruzi ana Alphard nyeupe. Akasema kama itabidi, hiyo Alphard ipo, bibi harusi hatakosa usafiri.

Rutashobya, aliyekaa nasi, alikunywa chai yake yote. Toka jioni ile, harusi kwake haikuwa tena ya Joyness. Ilikuwa ya taa.

Alianza na balbu. Twaibu, fundi wa hapa kwetu, alimwekea balbu mpya upande wa kushoto. Ikawa chai ileile. Mzee akasema balbu si oriji, akanunua nyingine iliyoandikwa kuwa ni nyeupe zaidi. Ikatoka njano yenye uchovu. Akanunua ya tatu, yenye kioo cha bluu, ile wanayofunga vijana wa bodaboda. Bluu ikapita kwenye kioo cha njano, na taa ya kushoto ya mkaguzi mstaafu wa kahawa ikawaka kijani. Twaibu alikuwa mtulivu. Kila balbu iliyoshindwa aliisikitikia sana, halafu akamuuzia nyingine.

Mwishowe Kokubanza alitoka nje na kanga yake, akamwambia fundi abadilishane balbu za pande mbili, ya kulia iende kushoto na ya kushoto ije kulia. Ikafanywa. Balbu ya kulia, iliyokuwa ikitoa mwanga mweupe safi, ilipofika kushoto ikawa njano. Mtoto angeelewa. Kasoro haikuwa kwenye balbu, ilikuwa kwenye kioo, na kioo kilichomwa na jua.

"Baba Rugaibula," Kokubanza akamwambia mumewe kwa jina la mtoto wao, "ni upande unaouonyesha watu."

Kukubali hilo ni kukubali kwamba taa iliharibiwa na maringo, na Rutashobya hakuwa tayari. Twaibu alijaribu kumweleza kwamba kioo kinaweza kusuguliwa kwa msasa laini na dawa ya meno, kikarudi kuwa afadhali. Mzee akauliza kama yeye anaonekana mtu wa kupigisha gari mswaki. Akampigia simu Burhani, mwenye duka la spea Bukoba, akaagiza taa nzima ya kushoto. Taa ikafika Bukoba jioni ya kuamkia harusi.

Asubuhi aliondoka kukiwa bado na ukungu, amevaa suti kabisa, akisema atarudi kabla hatujamaliza kumpamba Joyness. Nilisimama kwenye milamula nikamwambia gari la Kyaruzi lipo, abaki. Akawasha gari. Nilijua hatabaki, na nilikasirika tangu wakati huo.

Ya Bukoba nilisimuliwa na Burhani mwenyewe, mtu asiyependa kuongeza chumvi. Walilifungua bampa, wakafunga taa mpya, wakalisogeza gari mbele ya ukuta wa duka na kuwasha. Ya kushoto ikawa nyeupe ya kupendeza. Ndipo ya kulia, ile iliyosifiwa wiki nzima kwamba haina tatizo, ikaonekana nayo imechakaa. Kivuli kiliikinga na jua, hakikuikinga na miaka. Burhani alimwambia tofauti ni ndogo na mchana hakuna atakayeiona. Mzee akasema Kyaruzi ataiona. Akataka na ya kulia. Ya kulia ilikuwa kwenye stoo upande wa pili wa mji, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa amekwenda msibani.

Kokubanza alimpigia tukiwa tayari uwanjani pa kanisa. Akasema yuko njiani. Nyuma ya sauti yake tulisikia mtu akiomba spana.

Mchungaji alisubiri kadiri alivyoweza. Ndoa nyingine ilikuwa inafuata, na maharusi wake walishaanza kushuka kwenye magari yao. Joyness alisimama mlangoni na shela lake, kwaya ikirudia wimbo uleule, watu wote wakiwa wamegeuza shingo. Hakulia. Aliangalia barabara ya Muhutwe, kisha akaangalia chini. Hapo Alistidia akainuka kwenye kiti cha mbele, akapita katikati ya kanisa peke yake na viatu vyake vya kuazima, akamshika mwanae mkono na kumwingiza. Nililia, na haikuwa furaha. Kama Rutashobya angetokea dakika ile, ningemtukana mbele ya msalaba.

Baada ya ibada msafara ulielekea Bukoba, kwenye ukumbi wa upande wa bwana harusi. Alphard ya Kyaruzi mbele, sisi nyuma yake, magari yote yamewasha taa na kupiga honi. Kabla ya kufika Muhutwe tukaliona gari la rangi ya fedha limejibanza kwenye majani pembeni, kama linavyofanya kila gari likikutana na harusi. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na suti yake, mkono mmoja ndani, akiwasha taa na kuzima, akiwasha na kuzima. Zilikuwa nyeupe zote mbili, zimelingana sawasawa. Dereva wetu, mtu wa Bukoba asiyemfahamu, alimpigia honi ya kumshukuru kwa kupisha. Kokubanza aliinamisha uso akaanza kukunja kitambaa chake mapajani.

Basi akageuza gari, akafuata nyuma kabisa ya msafara, akarudi alikotoka.

Ukumbini hakwenda kuomba radhi. Alipita meza hadi meza akieleza ubaya wa spea za siku hizi, na kwamba mafundi wa vijijini hawajui tofauti ya kioo na balbu. Wanaume walimpa pole, maana ni mzee. Hatimaye akafika meza kuu. Joyness alisimama kumpokea, akamwamkia, naye akaanza upya, kushoto, kulia, stoo, ufunguo, mpaka akafikia alipotaka kufika.

"Nilifanya yote hayo kwa ajili yako, mwanangu. Sikutaka upande gari lenye taa za kuchekwa."

Joyness alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika mkono wa mzee.

"Baba mkubwa," akasema, "mimi ningekaa kiti cha nyuma. Taa za mbele nisingeziona."

Kisha akamvutia kiti, akamwomba akae, akamwita mhudumu amletee chakula.